Chesi: posisheni ileile mara tatu, refa kakataa sare. Hii ni haki?

malkia_mchovu: Wakuu nisaidieni, tangu juzi silali vizuri. Mashindano ya vyuo, raundi ya mwisho, niko na nyeusi, nimezidiwa askari mmoja, kila mtu kabaki na malkia na ngome. Nikaanza kumpiga cheki, yaani kumtishia mfalme: malkia wangu mraba wa e1, mfalme wake anakimbilia h2, malkia e5, mfalme anarudi g1, tena e1, tena h2, nikasema sare hii hapa, maana posisheni (mpangilio wa kete ubaoni) ikijirudia mara tatu unaweza kudai sare. Mara ya tatu nikaweka malkia e5, nikabonyeza saa, nikamwita refa. Akaangalia ubao akasema dai halikubaliki, endeleeni. Jamaa akafikiria weee, kisha akaziba na askari g3, cheki zikaishia hapo na mimi nikaishia hapo. Sasa imejirudia au haijajirudia?

ngome_ya_saba: Imejirudia, ila umedai umechelewa. Unaandika muvu (hatua unayotaka kucheza) kwenye karatasi kwanza, kete usiiguse, unasimamisha saa, unamwambia refa nakusudia kucheza hii na posisheni itakuwa ya tatu. Ukishagusa kete haki ya kudai kwa muvu hiyo imekwenda. Ulipobonyeza saa zamu ikahamia kwake, mwenye haki akawa yeye, na yuko mbele askari mmoja, adai ili iweje?

malkia_mchovu: Mbona mtandaoni inatoka sare yenyewe?

ngome_ya_saba: Huko kompyuta inakuhesabia. Ubaoni refa anaingilia mwenyewe ikifika mara tano, tatu ni kazi yako. Angalia gemu ya 3 ya mabingwa wa chesi Fischer na Petrosian, Buenos Aires 1971. Fischer aliandika malkia e2, hakuicheza, akamwita refa, sare. Na wala mara hizo tatu hazikufuatana, katikati malkia wake alishakwenda h5 na d3, kinachohesabiwa ni posisheni na zamu ya nani.

farasi_L: Mimi naulizia karatasi. Uliandika muvu zote?

malkia_mchovu: Nilikuwa chini ya dakika 5 bana, niliacha.

farasi_L: Mlikuwa mnaongezewa sekunde 30 kila muvu? Kama ndiyo huruhusiwi kuacha hata ukibaki na sekunde 10. Na hata ungedai kwa wakati ungeithibitisha na nini? Dai likionekana la uongo mwenzako anaongezewa dakika 2.

malkia_mchovu: Zilikuwepo hizo 30. Karatasi yangu inaishia muvu ya 41, gemu imeisha ya 58. Nafuta ule ujumbe niliomtumia refa, kama hajausoma