Mjadala: WWE ikiinunua AEW kesho asubuhi nani anafaidika? Mimi nasema wanamieleka ndio watakaoumia wa kwanza

Wakuu habari za muda huu. Naomba hili tulijadili vizuri (kwa wageni: WWE ndio kampuni kubwa ya mieleka Marekani, AEW ni mpinzani wake) maana naona kila baada ya muda linaibuka upya, AEW wakiuza tiketi chache kidogo au mchezaji wao mmoja akihama basi utasikia "WWE wainunue tu hii kampuni, wabebe wachezaji wote, tupate mapambano ya ndoto, kazi iishe". Na wanaosema hivyo wengi sio maadui wa AEW, ni watu wanaoipenda mieleka kweli kweli na wanataka kuona kila mkali kwenye ulingo mmoja. Nawaelewa kabisa. Ila napinga, tena kwa nguvu zote, kwa sababu hiki kitu kilishafanyika na matokeo yake tuliyaona.

Turudi Machi 2001. WCW, kampuni ya mieleka ya Ted Turner, ndio iliyomtoa jasho Vince McMahon, bosi wa WWE wa wakati huo, kuliko nyingine yoyote, baada ya Hulk Hogan kugeuka adui Julai 1996 na kuanzisha kundi la nWo na kina Hall na Nash, kipindi chao cha Nitro kiliipiga Raw, kipindi cha Vince, kwa watazamaji wiki 83 mfululizo. Miaka mitano tu baadaye WWF (bado walikuwa hawajabadili jina kuwa WWE) wanainunua kwa dola milioni 2.5 hivi, jina, nembo na mikataba ya wachezaji ishirini na ushee, na hata ukijumlisha maktaba ya video na mengineyo inasemekana haikufika dola milioni 5. Kampuni iliyokuwa inajaza viwanja!

Na isisemwe ilikufa kwa sababu wachezaji walikuwa wabovu. Hasara ilikuwepo, kubwa sana, mwaka 2000 peke yake ilizidi dola milioni 60, hilo silikatai. Lakini kulikuwa na mnunuzi mwingine, Eric Bischoff na kundi lake la Fusient, walishafika mbali kwenye mazungumzo, ndipo Jamie Kellner aliyekuwa amekabidhiwa vituo vya runinga vya Turner akaamua mieleka haina nafasi tena TNT wala TBS. Kampuni ya mieleka bila runinga ni jina tu, kina Bischoff wakajitoa, Vince akaingia akaokota kwa bei ya kutupa.

Tarehe 26 Machi ikapigwa Nitro ya mwisho kule Panama City Beach, Florida, Booker T akachukua mkanda kwa Scott Steiner, Sting na Ric Flair wakafunga ukurasa kwa pambano la mwisho halafu wakakumbatiana, na kipindi kikaishia kwa Shane McMahon, mtoto wa Vince, kutokea pale ulingoni anasema kainunua yeye. Kila mtu akasema sasa ndio tutaona uhondo, WWF dhidi ya WCW, kitu ambacho mashabiki walikiota miaka na miaka.

Sasa angalieni kilichofuata. Wakubwa wenyewe hawakuja. Goldberg, Sting, Hogan, Nash, Flair, Steiner, hawa mikataba yao ilikuwa na kampuni mama ya WCW, AOL Time Warner, wanalipwa hela nzuri wakiwa wamekaa nyumbani, na WWF haikutaka kubeba gharama hiyo. Kwa hiyo stori ya WCW kuivamia WWF ikaanza bila wavamizi. Waliokuja wakapokelewaje? Chukulia Raw ya tarehe 2 Julai 2001 mjini Tacoma. Dakika za mwisho za kipindi zikakabidhiwa WCW, wakabadilisha mpaka watangazaji, Booker T akatetea mkanda wake na Buff Bagwell, na ukumbi mzima ukazomea mwanzo mwisho, wale ni mashabiki wa WWF walionunua tiketi ya WWF, kwanini wasizomee? Kisha Austin na Kurt Angle wa WWF wakaingia, wakawapiga wote wawili wakawatupa nje na watu wakashangilia. Bingwa wa dunia wa kampuni uliyoinunua anapigwa kama kibaka kwenye usiku wa kuitambulisha kampuni yake! Bagwell hakumaliza hata mwezi, akatimuliwa.

Ya Diamond Dallas Page (DDP) ndio inaniuma zaidi. Bingwa wa dunia wa WCW mara 3, mtu aliyejijenga mwenyewe kutoka chini akiwa umri umeshakwenda, wakamleta kama jamaa anayemfuatilia mke wa Undertaker kwa siri na kamera, wakampiga kila mahali, na mwisho akabanwa mabega na mke huyo huyo kwenye Raw. Hapo hawakushindwa kumtumia, waliamua. Ukimnunua mpinzani wako huna sababu hata moja ya kumfanya aonekane alikuwa sawa na wewe, maana ukifanya hivyo unakiri kwamba wale walikuwa wanakupiga kihalali.

Na kibiashara hiyo roho ya kwanini iliwagharimu wenyewe. Onyesho la Invasion la Julai 2001 lilinunuliwa na watu karibu 770,000, kwa onyesho ambalo sio WrestleMania (onyesho lao kubwa la mwaka) hiyo ni namba ya kutisha, ina maana wateja walikuwepo na hela walikuwa nayo mkononi. Kufika Novemba kule Greensboro kwenye Survivor Series, timu ya Alliance inayopigania uhai wa WCW na ECW (kampuni nyingine ya mieleka iliyounganishwa nayo kwenye stori) inaongozwa na nani? Stone Cold Steve Austin. Ndani yake kuna Kurt Angle na Shane McMahon. Wa upande ule ni Booker T na Rob Van Dam tu, na wamiliki wa Alliance kwenye stori ni watoto wawili wa Vince! Ni sawa na Simba inunue Yanga, halafu kwenye dabi Yanga ichezeshwe na nahodha wa Simba, kocha wa Simba, na mashabiki wa Yanga waambiwe haya shangilieni timu yenu. Usiku ule Alliance ikafa, miezi minne tangu ECW ijiunge.

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Hebu linganisheni DDP na Chris Jericho. Jericho alitoka WCW akaingia WWF Agosti 1999, akapewa saa inayohesabu kurudi nyuma, akatokea mbele ya The Rock, usiku wa kwanza tu akawa mtu mkubwa. Big Show mwaka huo huo, Eddie Guerrero na wenzake Januari 2000. Wote hao ni wa WCW, wote walipokelewa kwa heshima, na wote walikuja WCW ikiwa hai. Vince aliwabeba kwa sababu kila aliyeng'aa kwake lilikuwa kofi kwa Turner. DDP alikuja WCW ikiwa imekufa, kumng'arisha kungemsaidia nani? Vipaji havikutofautiana sana, kilichotofautiana ni kwamba mmoja alikuwa na mlango wa pili na mwingine hakuwa nao.

Mtu akisema hayo ni ya Vince na zama zimebadilika, nimtajie Cody Rhodes. Aliondoka WWE 2016 akitumia jina la Stardust, mchezaji wa daraja la kati tu, akaenda akashiriki kuanzisha AEW 2019, akarudi WrestleMania 38 Aprili 2022 kama mfalme na Aprili 2024 akachukua mkanda mkubwa kabisa. Cody yule yule! Au CM Punk, aliyeapa hatorudi, kapitia AEW 2021 na Novemba 2023 yuko nje kidogo ya Chicago kwenye Survivor Series ukumbi unataka kupasuka. Hakuna AEW, hakuna Cody huyu mnayemshangilia. Na Sting je? WWE walimpata Novemba 2014, wakamfanya apigwe na Triple H kwenye WrestleMania 31, pambano lake la kwanza kabisa pale, ili vita ya WCW ishindwe mara nyingine miaka 14 baada ya kuisha. Heshima yake aliikuta AEW, akastaafu Machi 2024 akiwa hajawahi kupoteza pale, ana mkanda wa timu begani na wanawe wamo ndani ya stori. Na ilikuwa Greensboro, mji ule ule walikoizika Alliance.

Kuna hoja tatu nimezisikia za upande wa pili nazijibu.

Ya kwanza, eti Vince hayupo, sasa hivi anayesimamia stori ni Triple H na anajua mieleka. Kweli Vince kaondoka TKO, kampuni mama ya WWE, Januari 2024 na kweli stori zimeboreka. Lakini tizameni AAA. WWE walitangaza kuinunua AAA ya Mexico Aprili 2025, wikiendi ya WrestleMania Las Vegas, kampuni yenye historia tangu 1992. Agosti El Hijo del Vikingo akautetea mkanda mkubwa wa AAA mbele ya kina AJ Styles na Dominik Mysterio pale pale Mexico City, nikasema sawa labda wamejifunza. Septemba tu mkanda huo ukaenda kwa Dominik, mchezaji wa Raw, tena Las Vegas. Dominik nampenda na Wamexico wengi wana mahaba naye, ila muundo ni ule ule, mnunuzi anamweka mtu wake juu ya kilichonunuliwa.

Ya pili, mapambano ya ndoto. Jamani hayo hayahitaji kununuana! AEW na New Japan ya Japani wanafanya onyesho la pamoja la Forbidden Door tangu Juni 2022 na kila mtu ana kampuni yake. WWE wenyewe na TNA, kampuni nyingine ya mieleka, wana makubaliano tangu Januari 2025, Joe Hendry kaonekana Royal Rumble, Trick Williams wa NXT (kipindi cha chipukizi wa WWE) kabeba mkanda wa TNA, na TNA bado iko hai. Ndoto ina ladha kwa sababu kila upande una kitu cha kupoteza, wakishakuwa wote waajiriwa wa bosi mmoja hilo ni pambano la kawaida la Jumatatu.

Ya tatu, eti wachezaji watalipwa vizuri kwa sababu WWE ina hela, Netflix wametoa zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka 10. Hapa ndipo nawaomba tutulie kidogo. Wanamieleka hawa hawana chama cha wafanyakazi, kisheria wanahesabika kama wakandarasi wa kujitegemea, silaha yao pekee kwenye meza ya mkataba ni kusema "basi naenda kule". Ukiondoa kule unabaki na nini? Ndugu zao wa UFC, kampuni ya ngumi mchanganyiko, ambao sasa mmiliki wao ni huyo huyo TKO, waliona kampuni pinzani ya PRIDE inanunuliwa 2007, Strikeforce ikanunuliwa 2011, zote zikafungwa, na wapiganaji wakaenda mahakamani wakidai kununua wapinzani kulishusha malipo yao, kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 375. Na Septemba 2023, TKO ilipoundwa kwa kuunganisha WWE na UFC, haikupita hata mwezi orodha ya waliotemwa ikatoka, Dolph Ziggler, Mustafa Ali, Shelton Benjamin. Hao ni wa nyumbani kabisa. Wa AEW wataanzia foleni ipi?

Nakubali AEW ina matatizo yake, ina watu wengi wanaolipwa na kuonekana mara moja kwa miezi mitatu, na bosi wake Tony Khan ana tabia ya kuwaza pambano zuri kuliko stori nzuri. Nakubali pia Khan hauzi leo wala kesho, baba yake Shahid ndiye mwenye Fulham na Jacksonville Jaguars, hela sio shida pale. Ila kinachonitia wasiwasi ni runinga. Mkataba mpya wa AEW na Warner Bros. Discovery ulitangazwa Oktoba 2024, na vituo ni vile vile, TBS na TNT, vile vile vilivyoiua WCW kwa uamuzi wa bosi mmoja mpya. Siku akiingia Kellner mwingine hatutaulizwa.

Basi tuseme siku hiyo imefika na WWE ndio mnunuzi pekee aliyebaki, mimi ningetaka yafuatayo. AEW ibaki na siku yake ya kipindi, mwandishi wake ambaye hapokei maagizo kutoka Raw, mkanda wake usivuke kwenda upande wa pili kwa miaka miwili angalau, na siku pande mbili zikikutana AEW waongozwe na mtu wa AEW, Omega au Moxley au MJF au Will Ospreay, asitokee mtu wa WWE kujifanya kiongozi wao. Na mikataba yote iheshimiwe mpaka mwisho wake, kwa hela ile ile.

Sasa ulingo ni wenu. Anayeunga mkono ununuzi anitajie mchezaji mmoja tu aliyeletwa na ule mkataba wa Machi 2001 ambaye miaka miwili baadaye alikuwa juu kuliko alivyokuwa WCW. Booker T najua mtamtaja, ila mkanda wa dunia wa WWE yenyewe aliusubiri mpaka 2006, na kabla ya hapo walimpiganisha na Edge kwenye WrestleMania kwa ajili ya tangazo la shampoo. Rey Mysterio alikuja 2002 kwa mkataba wake mwenyewe, huyo hahesabiki. Nani mwingine?