Tupeane uzoefu: TIG inachoma chuma safi, ikikutana na alumini inagoma

Fundi wa Kizota: Wakuu mbukwenyi. Asubuhi kijana wa bodaboda kaniletea kava la injini limepasuka, machungu yote yakarudi. Mashine yangu ya TIG, hii ya kuchomelea kwa ncha ya tangisteni na gesi ya argoni, chuma inachoma safi, stenlesi safi, ukiweka AC, umeme wa kugeukageuka chanya na hasi, uchome alumini inanguruma tu, kazi inalegea kwa chini, juu imevaa ngozi ya kijivu, fito ya kujazia haiingii. Nimebadili mtungi wa argoni, nimebadili tochi, hela imeisha. Mliopitia hili mlitokaje?

Mama Vyuma, Nkuhungu: Hilo nalijua kwa machozi. Hiyo ngozi ni oksaidi, alumini inayeyuka nyuzi 660 ila ngozi yake inataka zaidi ya 2,000, sasa wa kuivunja ni ile nusu ya AC ambayo tochi inakuwa chanya. Yangu ile nusu ilikufa, na mimi wiki tatu nasugua brashi nikidhani kazi chafu. Kilichonifumbua macho ni ncha ya tangisteni, nusu ya chanya ikiwa hai joto lake huivimbisha, ila mimi nachoma dakika nzima bado imechongoka kama nimetoka kuinoa. Kufungua, bodi inayoamrisha transista, zile swichi za umeme, za upande ule, mguu mmoja lehemu imeachia, na vumbi letu hili limejishona juu yake. Nikapiga lehemu upya, nikapuliza, hadi leo inachoma rejeta.

Kijana wa Majengo: Kweli dada, vumbi la Dodoma ndio adui namba moja.

Argoni Tupu: Mnakimbilia bodi. Kwanza gesi! Ukijaziwa ile ya MIG, mashine za kuchomelea kwa waya, yenye CO2 unapata masizi na tangisteni inaliwa.

Fundi wa Kizota: Masizi hakuna mkuu, na mtungi huohuo stenlesi inang'aa.

DC Daima: AC ya nini, mimi alumini nachoma kwa DC, umeme usiogeuka, miaka yote.

Argoni Tupu: Kwa heliamu sawa. Kwa argoni tupu na tochi hasi unapotosha watu, kata mshono katikati utuwekee picha.

DC Daima: Njoo Sabasaba uone kwa macho.

Wa Kibaigwa: Samahani nakatisha, nimeona neno kufungua nikashindwa kukaa kimya. Mimi nilichomoa plagi nikafungua hapohapo maana mteja amesimama, kumbe kapasita za ndani, zile zinazohifadhi umeme, zinabaki na volti 300 na zaidi hata plagi ukiwa umeishika mkononi. Bisibisi ikagusa, mlio kama baruti, nikarushwa nikaangukia benchi, mkono wa kulia haukunitii mpaka jioni, na mwanangu wa miaka sita yuko mlangoni anaita baba, baba, nami siwezi kujibu. Ile sauti bado naisikia. Chomoa, kaa dakika kumi, kisha pima kwa maltimita mpaka karibu na sifuri ndio uguse.

Mama Vyuma, Nkuhungu: Pole sana kaka. Mungu alikuachia watoto.

Kijana wa Majengo: Duh. Yangu iko wazi mezani sasa hivi.

Wa Kibaigwa: Usiiguse! Pima kwanza.

Mzee wa Fito: Dada yuko sahihi nusu, tangisteni ya lantanamu haivimbi sana hata mashine ikiwa nzima. Peleka balansi, kile kirekebishi cha kugawa muda wa chanya na hasi, upande wa kusafisha, ongeza kidogo kidogo. Ncha isipobadilika na ukingo mweupe usipotokea pembeni ya mshono, hapo ndio ufungue.

DC Daima: Au uza nunua nyingine.

Fundi wa Kizota: Nimejaribu kwenye kipande chakavu, balansi mpaka mwisho. Ncha vilevile, weupe hakuna. Nimechomoa plagi saa nane na robo, maltimita ninayo mkononi.