Picha ya Kihindi ya kuchekesha kwa watu 12, uani Sinza: ipi, na nipange vipi?

Binti_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi ijayo wageni 12 wanakuja kuangalia picha ya Kihindi, ya mapenzi na vichekesho, watu waondoke wakiimba. Sitaki ya machozi, wala ya steringi kupiga watu ishirini peke yake. Tutakaa uani, kuna ukuta wa rangi ya krimu. Nina laptopu, projekta ya kuazima na spika ya bluetooth. Wageni wanne Kiingereza hakipandi, kwa hiyo maandishi ya chini hayatawafaa. Nichague picha gani, tuanze saa ngapi, na ni nini huwa kinaharibika?

Mapenzi_na_Muziki
Dada, kwa kundi la Dar weka Band Baaja Baaraat ya 2010. Shruti na Bittoo wanafungua biashara ya kuandaa harusi Delhi, na Shruti ana sharti moja tu: biashara na mapenzi visichanganywe. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa mjini hahitaji kuelezwa. Mapambo, chakula, bajeti na kuwaridhisha ndugu wa pande zote mbili, yote anayajua. Ina kama saa 2 na dakika 20. Ila kama mama mkwe atakuwepo, ujue katikati kuna busu na usiku wa pamoja.

Ya pili ni Jab We Met ya 2007. Geet, binti mwenye mdomo usiochoka, anaachwa na treni kwa sababu ya abiria aliyekata tamaa ya maisha, na safari yote iliyobaki wanakwenda pamoja. Inafaa sana kwa wasiosoma tafsiri, kwa kuwa nusu ya kwanza inaeleweka kwa macho.

Chupke Chupke ya 1975 ni tamu kuliko zote mbili, lakini usiwawekee wasiojua Kihindi. Mzaha wake mkubwa ni mtu anayejifanya dereva na kuongea Kihindi sanifu kupita kiasi. Kwenye tafsiri utamu huo haupo. Dilwale Dulhania Le Jayenge nayo inazidi saa 3, na wageni wana daladala za kuwahi.

Sasa mambo mawili ambayo watu hukosea.

La kwanza ni mapumziko. Picha ya Kihindi imejengwa kwa vipande viwili. Cha kwanza kinachekesha na kufunga fundo, cha pili kinaanza polepole, chenye huzuni kidogo, kabla ya kulifungua. Matoleo mengi ya mtandaoni yameondoa kile kibao cha mapumziko, watu wakaunganisha moja kwa moja, na ndiyo maana husinzia dakika 20 za mwanzo wa kipande cha pili. Itazame mapema peke yako, tafuta mahali kati ya dakika ya 65 na 80 ambapo tukio limekwisha, andika dakika kwenye karatasi. Simamisha hapo kwa dakika 15, toa chai. Usisimamishe katikati ya wimbo.

La pili ni nyimbo. Usiziruke, hata mmoja. Kwenye picha hizi wimbo ndio unaobeba miezi inayopita: wanaanza wakiwa hawapatani, ukiisha mmoja ameshapenda na mwenzake hajui. Ukiruka, tukio linalofuata halina miguu. Na kabla ya Jumamosi fungua nyimbo tatu uone kama faili lako la tafsiri linazitafsiri. Mengi huandika alama ya noti ya muziki tu.

Fundi_wa_Mwanga
Nijibu upande wa vyombo. Ukuta wa krimu ni bora kuliko shuka. Rangi za picha zitavuta unjano kidogo, baada ya dakika tano jicho halioni tena. Ukilazimika kutumia shuka, likunje liwe tabaka mbili kwa sababu moja hupitisha mwanga, lipige pasi, na upitishe ufito kwenye pindo la chini, la sivyo upepo wa feni utatikisa nyuso za watu.

Projekta nyingi za nyumbani zikiwa mita 3 kutoka ukutani hutoa picha ya upana wa karibu mita 2. Inatosha watu 12. Pandisha picha ili ukingo wake wa chini uwe mita 1.2 kutoka ardhini, maana maandishi yanakaa chini kabisa na vichwa vya mbele huyafunika. Mbele tandika mkeka, nyuma weka viti vya plastiki.

Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 jioni na saa 12:50, kutegemea mwezi. Anza saa 1:30 usiku. Pamoja na mapumziko utamaliza kama saa 4:05.

Bluetooth achana nayo, sauti hufika ikiwa imechelewa na midomo inatangulia maneno. Tumia waya wa AUX, ule unaochomekwa kwenye tundu la hedifoni. Kama hakuna waya, kwenye VLC (programu ya kuchezea video) bonyeza J mara kadhaa, kila mbonyezo unavuta sauti mbele milisekunde 50. Maandishi nayo yana G na H. Lakini tofautisha magonjwa: tafsiri ikichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, G inatibu. Ikianza sawa na kuzidi kupishana kadiri picha inavyoendelea, faili hilo limetengenezwa kwa toleo lenye kasi tofauti, kwa mfano fremu 25 kwa sekunde dhidi ya 23.976. Ndani ya saa 2 zinapishana karibu dakika 5. Hiyo tafuta faili jingine.

Ukitumia programu ya kulipia, ijaribu na projekta ileile siku moja kabla. Baadhi ya adapta za HDMI, zile za kuunganisha laptopu na projekta, haziruhusu picha zenye ulinzi dhidi ya kunakiliwa: sauti inasikika, ukuta mweusi.

Umeme: projekta, laptopu, spika na feni mbili hazifiki wati 500 kwa kawaida, kwa hiyo jioni nzima ni chini ya uniti 2 za LUKU. Angalia salio kabla wageni hawajaja. Dawa ya mbu ya kuchoma iweke nyuma ya watazamaji na mbali na projekta, moshi ukipita mbele ya lenzi picha inakuwa ya maziwa na feni yake inaunyonya ndani.

Jiko_la_Upanga
Bisi za watu 12: nusu kilo ya mahindi ya bisi, inabaki na ya majirani. Pika kwa awamu nne. Kila awamu vijiko 3 vya mafuta kwenye sufuria zito, weka punje 3, zikipasuka mimina zilizobaki zifunike chini kwa safu moja tu. Mfuniko uache mwanya mwembamba. Ukifunga kabisa mvuke unarudi na bisi zinakuwa kama mpira. Chumvi tia baada ya kupasuka, iliyosagwa laini.

Mapumziko toa kachori na chatne ya nazi. Chai: maji lita 1, maziwa lita 2, tangawizi ya kutwanga, iliki 10. Iwe kwenye chupa kabla picha haijaanza.

Binti_Sinza
Asanteni sana, nimechukua Jab We Met. Bado wale wanne. Niwatafsirie kwa sauti?

Mapenzi_na_Muziki
Si sentensi kwa sentensi, utafunika vichekesho. Kabla ya kuanza wape hadithi kwa dakika 2 bila mwisho, kisha uwakalishe pembeni mwako na unong'one pale tu jambo linapobadilika.

Wape pia maneno wanayoyajua tayari. Mohabbat ni mahaba, ishq ni ndugu wa ashiki, duniya ni dunia, safar ni safari, waqt ni wakati, khabar ni habari, gaadi ni gari. Nyimbo za mapenzi zimejaa maneno haya, na mtu akilikamata moja anaanza kuyawinda mengine.

Na jambo moja ambalo hata wasomaji wa Kiingereza hawalioni. Kihindi kina "wewe" tatu: aap ya heshima, tum ya kuzoeana, tu ya ndani kabisa. Tafsiri ya Kiingereza inaziandika zote neno moja. Waambie wote 12 wasikilize nani anamwita nani nini, na wimbo gani ulipita kabla hajabadilisha.

Fundi_wa_Mwanga
Na nakala iwe kwenye laptopu yenyewe, betri imejaa. Umeme ukikatika projekta inazima, laptopu haizimi, mnasogeza mkeka na kuendelea.