Tumechoka kuwa mafundi wa simu tulizonunua mpya dukani!

Wakuu salaam. Niko Moshi, kazi yangu ni kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na leo nimejaa hasira. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye simu inayomtesa akae.

Hoja yangu ni moja. Simu janja tunazouziwa zina kasoro za wazi, za kila siku, na kila kasoro tumeizoea kwa kuitafutia ujanja. Meseji haziingii? Kuna mahali unabonyeza. Inazima na chaji ipo? Ivike soksi. Ukiongea kioo kinakuwa cheusi hata kukata huwezi? Toa protekta. Tumezoea mpaka anayelalamika anaonekana mshamba asiyejua simu. Mimi nakataa. Ujanja wote ninaoujua nitauweka hapa bure watu wasaidike, ila tuelewane kwamba hiyo ni kazi ya kiwanda na sisi tumeshailipia.

Naanza na meseji kwa sababu hapo ndipo ninaponyang'anywa ugali. Siku hizi kazi za mlima zinatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ofisi ikipata wageni, meneja anaandika usiku: nahitaji msaidizi mmoja na wagumu (wabeba mizigo) wanane, kesho asubuhi geti la Machame. Anayejibu wa kwanza ndiye anayekwenda. Simu yangu iko kando ya kitanda, ina bando, mtandao umejaa, na imenyamaza kimya. Asubuhi naishika, nafungua WhatsApp, na hapo ndipo meseji zote zinamiminika kwa mpigo. Kazi ilishachukuliwa tangu saa nne ya usiku. Hili limenikuta zaidi ya mara moja, na kijiweni kwetu kila mtu ana kisa chake. Kuna kijana alikosa safari nzima ya siku saba namna hiyo, na alikuwa na ada ya mtoto inamsubiri.

Sababu inajulikana. Android yenyewe, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, ina utaratibu wa kuzilaza programu simu ikiwa imetulia, lakini meseji za haraka ziliachiwa njia ya kupita. Baadhi ya viwanda vikaongeza vya kwao juu yake, vinavyoua programu zinazofanya kazi chinichini bila kukuuliza. Wanachotaka ni kutangaza kwamba betri inakaa siku mbili. Inakaa siku mbili kwa sababu simu imeacha kufanya kazi ya simu!

Ujanja wake huu hapa. Nenda Mipangilio, kisha Programu, chagua WhatsApp, ingia kwenye Betri, ruhusu itumie betri bila vikwazo. Kama simu yako ina sehemu ya kuruhusu programu kujiwasha yenyewe, washa. Kisha fungua orodha ya programu ulizozitumia karibuni, shikilia ile ya WhatsApp, ukiona alama ya kufuli ifunge. Halafu sikia sasa kinachoudhi kuliko vyote: ikija apdeti ya mfumo, kuna simu zinarudisha kila kitu kama zamani bila kukuambia neno. Kwa hiyo kila baada ya apdeti kagua upya. Mtu aliyelipa laki nne na zaidi anageuzwa mlinzi wa simu yake mwenyewe.

La pili ni baridi. Wenzetu wa Dar hili mtaliona dogo, sisi wa huku ni la uhai. Mwezi wa pili Moshi mjini kuna joto la kuchemsha simu mfukoni. Siku chache baadaye simu ile ile iko kambi ya Barafu, mita 4,673, usiku wa kwenda kileleni. Mbele yako kuna Stella Point, kisha kilele cha Uhuru, mita 5,895, na hali ya hewa iko chini ya nyuzi sifuri pamoja na upepo. Simu ina asilimia arobaini, unaitoa kupiga, inazima papo hapo. Ukishuka, ikipata joto, inawaka tena na chaji yake ile ile.

Haijafa na haijaishiwa. Betri ya lithiamu ikipata baridi kali inashindwa kutoa umeme kwa nguvu, volti zinashuka, simu inaamini imekwisha na inajizima. Wanaoziunda wanajua vizuri sana. Apple wameandika kwenye maelekezo yao kwamba iPhone imetengenezwa itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Nyuzi sifuri ndiyo mwisho! Boksi la simu yangu halina hata mstari mmoja wa hilo, limejaa picha za kamera tu. Na mimi pale juu sipigi picha za kujifurahisha. Mgeni akianza kuongea hovyo na kuyumba kwa ugonjwa wa mwinuko, simu ndiyo ya kuita msaada. Agosti 2022 serikali ilizindua intaneti ya kasi mlimani, ikafika hadi kambi ya Horombo kwenye mita 3,720, na ni jambo jema mno. Lakini mnara hauna faida kwa mtu aliyeshika simu iliyozima.

Tunachofanya sisi: simu haikai kwenye begi wala mfuko wa koti la nje. Inakaa kwenye mfuko wa ndani, karibu na ngozi, na usiku unalala nayo ndani ya begi la kulalia pamoja na pawabenki. Weka hali ya ndege, kwa sababu simu inayohangaika kutafuta mtandao inamaliza chaji haraka sana. Na hili vijana wengi hawalijui: simu ikiwa imeganda kwa baridi usiichaji hapo hapo. Kuchaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu kwa ndani na haiponi tena. Ipashe kwanza kwa joto la mwili, usiweke karibu na jiko la gesi. Wagumu wengi wanabeba na kiswaswadu (simu ndogo ya vitufe) pembeni, na wako sahihi. Nacho kina betri ya lithiamu ile ile, ila hakihitaji umeme mwingi kwa mkupuo.

Laini mbili. Hapa natukana kimoyomoyo. Huku kwetu ukitoka mjini kwenda Rombo au juu Marangu mtandao mmoja haukutoshi, lazima uwe na laini mbili, na simu imeandikwa laini mbili. Lakini nyingi ya hizi za bei yetu, ukiwa unaongea kwenye laini moja, ile nyingine imekufa. Anayekupigia anaambiwa hupatikani. Meneja akisikia hupatikani hasubiri, anapiga kwa mwingine.

Dawa ni kuelekeza simu. Kwanza piga *43# kwenye laini zote mbili, ili uweze kusikia simu ya pili ikiingia wakati unaongea. Kisha ukiwa laini ya kwanza piga **62* fuatisha namba ya laini ya pili, malizia na #. Fanya hivyo hivyo kutoka laini ya pili kwenda ya kwanza. Maana yake ni kwamba laini moja isipopatikana, simu inahamia kwenye nyingine. Kufuta ni ##62#. Angalizo, simu inayohamishwa inakatwa kwenye salio lako wewe, yaani kasoro ya kifaa unailipia tena kwa vocha.

Nyingine nazipitia haraka. Kioo kuwa cheusi ukiongea: pale juu kuna sensa inayotambua simu iko sikioni, protekta ya kubandika hovyo au vumbi vinaiziba. Futa, ikishindikana badilisha protekta, na kwenye mipangilio ya ufikivu washa kitufe cha kuwashia simu kiwe kinakata simu. Simu kujaa: zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp, ndiyo inayojaza, maana GB zilizoandikwa kwenye boksi sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo na programu zisizofutika ambazo hukuziomba. Betri ikiisha kabisa na tarehe ikarudi 1970, WhatsApp na tovuti zitagoma mpaka urekebishe saa, weka ichukue saa kutoka kwenye mtandao. Tundu la chaja likilegea, zima simu, toa vumbi kwa njiti ya mbao taratibu, sindano weka mbali.

Sasa gundi. Simu za zamani ulikuwa unafungua mfuniko kwa kucha, unatoa betri, unaweka nyingine, unaendelea na maisha. Leo mfuniko umegandishwa, fundi lazima aupashe kwa hewa ya moto, aombe Mungu kioo kisipasuke. Na betri yenyewe mwisho wake unajulikana: inachakaa kwa kuchajiwa na inachakaa zaidi kwa joto. Wanakuuzia kitu ambacho wanajua kitachakaa, halafu wanakifungia ndani. Betri yangu ilivimba mpaka ikainua kioo. (Ikikutokea usiibonyeze wala kuitoboa, inaweza kuwaka. Acha kuichaji, peleka kwa fundi.) Nilirudi dukani na risiti na kadi ya waranti ya mwaka mmoja, mwaka haujaisha. Jibu: waranti haihusu betri. Haihusu kioo. Haihusu tundu la chaja. Nikauliza inahusu nini, dada wa watu akainama. Simlaumu yeye, ameajiriwa tu. Wala mafundi wetu wa karibu na stendi siwalaumu, wanafanya maajabu kwa bisibisi na spea za kopi kwa sababu betri halisi haziletwi.

Tanki la mafuta likitoboka njiani tunaziba kwa kipande cha sabuni ili tufike gereji. Sawa. Lakini hakuna anayekubali kuuziwa gari jipya lenye sabuni kwenye tanki. Kwenye simu tumekubali, na tunapongezana.

Na msiniambie teknolojia ndivyo ilivyo. Tangu 20 Juni 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zina masharti kwa simu mpya zinazoingia sokoni kwao: betri ichajiwe mara 800 ikiwa bado na angalau asilimia 80 ya uwezo wake, spea muhimu zipatikane miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa, apdeti za mfumo zitolewe angalau miaka 5. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja kwamba apdeti zingeweza kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochakaa. Viwanda vinavyouza kule vingi ndivyo hivi vinavyotuuzia sisi. Wanaweza. Wakibanwa wanafanya.

Na kubana tunajua. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia nchi nzima, na zikazimika kweli. Sheria ya Ushindani tunayo tangu 2003, inamtaja na kumlinda mlaji. Ninachoomba Tume ya Ushindani, TBS (shirika la viwango) na TCRA wakikalie pamoja ni hiki: boksi la simu lionyeshe simu inavumilia joto na baridi kiasi gani, itapata apdeti mpaka mwaka gani, na betri yake halisi inapatikana wapi hapa nchini. Na waranti ya mwaka ihusu betri. Simu isiyo na majibu hayo isiingie.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema ninunue simu ya milioni niache kulia, simu za milioni nazo zimegandishwa betri kwa gundi, na mlimani nimeona za wageni wetu, za bei kubwa kuliko pikipiki, zikizima pale pale zinapozima zetu. Dada wa Arusha uliyesema **62* imekataa, andika namba kwa kuanza na +255 badala ya sifuri, ujaribu tena. Uliyeuliza kuhusu herufi kubadilika ukiandika Kiswahili, ingia kwenye kibodi, ongeza lugha ya Kiswahili, kisha zima kujisahihisha kwa Kiingereza.

Na wote mliokataliwa waranti ya betri, wekeni picha ya kadi na risiti hapa hapa, mfiche majina na namba zenu na jina la duka. Naandika barua kwa Tume na nitaziambatanisha. Mwanasheria yeyote humu anayejua mlalamiko kama huu unaandikwaje, nakuomba uje PM.