Naomba ushauri: vitone vya Q-Q vinapinda, na mikorosho mingine ina sifuri

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Mtwara nahangaika na data za korosho: mikorosho 84 ya Tandahimba, kila mti na kilo zake. Kabla sijalinganisha iliyopuliziwa salfa (dawa ya ukungu) na isiyopuliziwa, nataka kujua kama kilo hizi zinafuata mgawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele).

Kwenye R, programu ya takwimu, nimeandika qqnorm(kilo), halafu qqline(kilo), nipate mchoro wa Q-Q: data zikifuata mgawanyo wa kawaida, vitone hulala kwenye mstari. Katikati vitone vimelala juu ya mstari, ila upande wa kulia vinapaa, maana kuna miti michache imezaa kupita kiasi. Tena vinapanda ngazi ngazi. Hilo silishangai, mizani yetu ya kuning'iniza inasoma nusu kilo nusu kilo tu.

Nikajaribu kugeuza kilo ziwe logi (logariti) ili kunyoosha mkunjo huo, ndipo nikakwama. Miti 9 iliyoshambuliwa na ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) haikutoa hata korosho moja, na logi ya sifuri R inanirudishia -Inf, yaani hasi isiyo na mwisho. Mwenzangu ananiambia ongeza 1 kwa kila mti, songa mbele. Moyo unasita. Kuiondoa hiyo miti nako naona ni kujidanganya, maana sifuri ndiyo habari yenyewe ya ugonjwa!

Kwa mliowahi kupita hapa: sifuri nizichambue peke yake, kisha nichore Q-Q ya miti iliyozaa tu? Na je, nichore kila kundi mbali? Nimeanza kushuku mkunjo wote umetokana na kuchanganya miti iliyopata salfa na iliyokosa.