Saa ya babu ya kutia ufunguo inakwenda kidogo kisha inasimama, nianzie wapi?

Binti wa Langoni

Asalam aleikum jamaa. Nina saa ya ukutani ya babu, ile ya kutia ufunguo, kabati la mbao, kioo mbele na pendula ndani. Bamba la nyuma lina nyota ya ncha nane yenye herufi J katikati. Imekaa kwenye nyumba yetu hapa Langoni tangu mama yangu hajazaliwa. Juzi tulipiga ukuta chokaa upya, saa ikashushwa, na tangu itundikwe tena imeshika tabia hii: naisukuma pendula, inakwenda dakika tano au kumi, inasimama. Ufunguo haujaisha, maana nikiutia unagoma.

Fundi mmoja wa nje ya Lamu niliyemtumia picha na sauti yake aliniambia mambo mawili. La kwanza, kamani imekufa, nimpelekee saa nzima. La pili, eti mlio wake una kasoro: akrabu fupi ikiwa juu ya kumi inagonga nne, ikiwa juu ya saba inagonga moja. Hili limeniuma. Babu aliipanga hivyo makusudi, igonge saa nne ikiwa saa nne. Watoto wote wa nyumba hii tumejifunza kuhesabu kwa milio hiyo, na sitaki mtu ainyooshe.

Basi nataka kuifanya mwenyewe nyumbani. Ninayo meza ya dirishani, bisibisi ndogo za simu, kibano, na kioo cha kukuzia cha dada yangu anayeshona kofia. Kamani hufa kweli? Nitie mafuta gani? Nyumbani wanasema ya nazi, jirani anasema ya cherehani. Na nikivua akrabu, ile hesabu ya babu nitairudishaje?

Mkereza wa Mkomani

Waaleikum salaam mwanangu. Mchana kazi yangu ni kukereza miguu ya vitanda na viti. Saa ni kazi yangu ya baada ya isha, na ndiyo niipendayo zaidi. Nitakujibu kwa mpango wangu.

Usifungue kitu bado. Saa iliyokuwa nzima, ikashushwa, ikatundikwa, ikaanza kusimama, mara nyingi haina ugonjwa wowote, haikukaa sawa tu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, na chokaa mpya hutokeza hapa ikabonyea pale. Zima feni, ngoja punda wapite, isukume pendula kisha usikilize. Inatakiwa iseme tik... tak... tik... tak, nafasi zote sawa. Ikisema tik-tak... tik-tak..., inachechemea. Shika chini ya kabati, lisogeze kidogo mno upande wa kushoto. Ikizidi kuchechemea, rudisha kulia. Utafika mahali nafasi zinalingana, na sikio litakwambia kabla ya jicho. Hapo piga alama ya penseli ukutani pande zote mbili. Usiweke pima maji juu ya kabati ukaiamini, kwa sababu kabati laweza kuwa sawa na mashine ndani ikawa imeinama.

Sababu ni hii. Juu ya pendula pana kipande cha chuma chenye umbo la nanga. Kila pendula inapofika mwisho wa upande mmoja, nanga huachia jino moja la gurudumu, na jino hilo likipita huipa pendula msukumo mdogo wa kuendelea. Saa ikiinama, pendula hufika upande mmoja kwa wepesi na wa pili kwa taabu. Siku isipofika, jino haliachiwi, msukumo haupo, saa inalala.

Kisha tazama pendula inaponing'inia. Utaona utepe mfupi wa chuma, mwembamba kuliko wembe. Huo ndio unaoliwa kwanza na hewa yetu ya chumvi, na ndio unaopinda watu wanapoishusha saa bila kuitoa pendula kwanza. Ukiwa na mkunjo au kutu, pendula hujipinda njiani badala ya kwenda kulia na kushoto kwa unyoofu. Usijaribu kuunyoosha. Pima urefu wake na upana wake, uagize mwingine.

Kuhusu kamani: iliyokatika unaijua, maana ufunguo huzunguka bure, haugomi. Wako unagoma. Iliyochoka nayo bado huendesha saa, ila haimalizi siku nane, ambazo saa kama hii huenda kwa kutiwa ufunguo mara moja. Kwa hiyo maneno ya fundi yule hayashiki.

Ikifika siku ya kuifungua kweli, sikiliza hili kuliko yote. Kabla hujagusa skrubu hata moja ya mabamba yanayoshika magurudumu, toa nguvu za kamani zote mbili, ya mwendo na ya mlio. Ingiza ufunguo, ushike barabara, uzungushe kidogo upande wa kutia mpaka kile kizuizi kidogo cha chuma kilegee, kiinue, kisha uache ufunguo urudi mkononi mwako nusu mzunguko, ukirudishie kizuizi mahali pake, ushike upya, uendelee. Usiuachie hata kidogo. Kamani ya siku nane ikiachiwa ghafla hukata meno ya magurudumu na huvunja vidole. Wewe ni mtu wa meza na kibano, utaweza, lakini usifanye kwa haraka na usifanye ukiwa na watoto karibu.

Mafuta ya nazi, la. Yakikaa hugeuka uvundo na gundi, yakakamata vumbi. Ya cherehani ni afadhali, ila hutambaa yakaacha tundu likavu. Agiza mafuta ya saa hasa, Moebius ya Uswisi au mengine ya kazi hiyo, kichupa kimoja kitakutosha miaka mingi. Tone dogo kwenye kila tundu ambamo ncha ya mhimili inazunguka, na tone kwenye nanga inapogusa meno. Meno mengine ya magurudumu huyawekei kitu, yanakwenda makavu. Na usitie mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani: osha kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha maji moto na sabuni, kausha papo hapo kwa mashine ya kukaushia nywele. Halafu chonga kijiti, kizungushe ndani ya kila tundu, kitatoka cheusi. Chonga tena, rudia mpaka kitoke cheupe. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Watu huipita wakakimbilia mafuta.

Sasa hesabu ya babu yako. Hiyo si kasoro, na aliyeipanga aliijua mashine yake. Akrabu fupi haikufungwa na jino lolote, imebanwa tu kwenye bomba lake. Basi hata ukivua kila kitu ukasahau, hakuna kilichopotea. Rudisha akrabu zote, peleka ndefu mbele mpaka kumi na mbili, acha igonge, hesabu. Halafu zungusha ile fupi peke yake kwa vidole mpaka namba iliyo mkabala: imegonga moja, ielekeze saba, imegonga nne, ielekeze kumi. Ndefu usiirudishe nyuma kwa nguvu.

Saa hizi hugonga mara moja pia kila nusu saa, jumla mara 180 kwa siku moja. Kama yako ni ya gurudumu la kuhesabu, lile lenye mapengo ukingoni, tia funguo zote mbili siku ile ile. Kamani ya mlio ikiisha kabla ya mwenzake, milio itabaki nyuma ya akrabu na itabidi uipange upya.

Mwalimu wa Malindi

Ami, shukrani, nimejifunza. Naongeza la kwangu kwa wenye saa zilizotoka ng'ambo. Nilinunua ya pendula kwa mgeni aliyekuwa anahama, naye alikuwa ameileta kutoka London, ambako anasema ilikuwa haikosei. Hapa Malindi ikawa inachelewa dakika mbili na kitu kila siku. Nafundisha fizikia, nikakaa na kikokotoo. Mvuto wa dunia karibu na ikweta ni mdogo kuliko London, takriban 9.78 dhidi ya 9.81, na pendula hapa hurudi polepole zaidi. Kwa siku nzima inatoka karibu sekunde 140. Mfaransa Jean Richer aliliona jambo hili mwaka 1672 huko Cayenne: saa aliyoirekebisha Paris ilichelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Dawa ni nati iliyo chini ya uzito wa pendula. Ipandishe. Kwa pendula ya sentimita 30 ni kiasi cha milimita 1 tu.

Mimi huosha kwa kutumbukiza mashine nzima kwenye petroli bila kuifungua. Inakwenda.

Mkereza wa Mkomani

Mwalimu, la nati ni kweli tupu, na joto nalo limo: fimbo ya chuma ikipata moto hurefuka, saa ikapoteza kama nusu sekunde kwa siku kwa kila nyuzi moja. Lakini kwenye petroli sikubaliani nawe. Inakwenda kwa sababu uchafu umelainika, haujatoka. Umebaki ndani ya matundu pamoja na unga wa shaba, na unga huo unasaga ncha za mihimili kila siku. Tena mvuke wa petroli chumbani ni hatari. Ifungue, tafadhali.

Binti wa Langoni

Ami, Mungu akuweke. Nilisogeza chini ya kabati kulia, upana wa kucha, na sasa imekwenda tangu jana asubuhi bila kusimama. Saa nne imegonga nne. Utepe wa pendula una mkunjo kweli, nimeupima na nimeshaagiza. Nimemulika tochi ndani: tundu moja la bamba la nyuma, upande wa mlio, si la duara tena, limerefuka kama yai, na pembezoni pana uchafu mweusi. Hilo nalo nalifanyaje?

Mkereza wa Mkomani

Hilo limelika, na linataka bushi: unapanua tundu kwa kipekecho cha mkono mpaka liwe duara, unaingiza bomba dogo la shaba, unatoboa kati yake kwa kipimo cha ncha. Ugumu ni kwamba tundu jipya lazima liwe pale lilipokuwa la zamani, si pale lilipohamia, la sivyo meno hayatashikana vizuri. Maadamu saa inakwenda na inagonga sawa, iache mpaka utepe ufike. Ukishatoa nguvu za kamani na kuvua mabamba, nipigie picha ya tundu hilo kwa ndani na kwa nje, pamoja na ncha ya mhimili wake, kabla hujatoboa chochote. Bomba la shaba nitakukerezea mimi.