Baba mkwe anajaza chemshabongo kwa kalamu ya wino, na anakosea. Nifanyeje?

Mkaza Mwana (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, ila msinicheke.

Baba mkwe, karani mstaafu, yupo kwetu Morogoro tangu afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Wiki mbili za kwanza ilikuwa shikamoo baba, marahaba mwanangu, basi, kila mtu na zake. Jumapili moja akanikuta nimekunja gazeti najaza chemshabongo, ile ya maneno yanayokatizana kwenye visanduku, huku maharage yanachemka. Akasimama mlangoni, akachungulia, akasema, "Hiyo Chini 14, umeijaribu KUSI?" Upepo wa Juni, herufi nne. Nilikuwa nimekwama hapo tangu asubuhi! Kuanzia siku ile Jumapili zetu ni meza moja, miwani yake na chai ya tangawizi.

Sasa shida. Mimi najaza kwa penseli. Yeye anajaza kwa kalamu ya wino, tena anakandamiza hadi ukurasa wa pili unasomeka. Anasema penseli ni ya watoto wa darasa la kwanza. Na akishaandika, kaandika. Jumapili iliyopita Kulia 9 ilisema "Chombo cha kutazamia taarifa ya habari (7)", yaani herufi saba. Akaandika LUNINGA hata sijameza chai. Mimi nilishaona ni RUNINGA, kwa sababu Chini 9, inayoanzia kisanduku hichohicho, inasema "Mwendesha ndege (6)". Nikakohoa. Nikasema, "Baba, na hii ya ndege je?" Akasema tutairudia. Leo Jumatano, gazeti bado liko mezani, akipita analitupia jicho na kunung'unika kwamba mtunzi hajui kazi yake.

Mume wangu anasema nimwache mzee wa watu. Lakini jamani, kona nzima imekufa kwa herufi moja! Unamkosoaje baba mkwe bila kuonekana huna adabu?

Mzee wa Ufutio

Mzee hajakosea, na wewe hujakosea. Luninga na runinga zote zinasemwa na zote zinaandikwa. Kwa hiyo usilete kamusi mezani. Ukifungua kamusi mbele ya mkwe umefungua kesi, na hata ukishinda umeshindwa.

Anayeamua ni neno linalokatiza. Chukua penseli yako, jaza Chini 9 kuanzia kisanduku cha pili: U, B, A, N, I. L yake usiiguse. Liache gazeti mezani, nenda kaoshe vyombo.

Mtoto wa Bandari

LUBANI! Ndege inaendeshwa kwa ubani 😂 Hiyo haitui uwanjani, inatua kwenye maulidi.

Dada Tungule

Mwenzio wa Unguja nakuelewa, ila mimi namtetea mzee. Haya magazeti yanatuonea. Niliwahi kukuta "Huungwa kwenye mchuzi, jekundu likiiva (6)". Nikaandika TUNGULE, herufi moja ikabaki nje. Nikahesabu tena. Nikaona hawa wamekata kisanduku. Siku tatu nzima nimeshikilia TUNGULE, kumbe wenzangu wa bara wanataka NYANYA. Hasira niliyopata si ya kawaida. Hasa kwa kuwa hiyo NYANYA naijua!

Kibarua wa Jioni

Swali la pembeni: mzee wenu DH anaiweka kisanduku kimoja?

Mkaza Mwana

Umejuaje?! NG'OMBE kaiweka kwenye visanduku vitano, NG' wamebanana pamoja na ritifaa yao kama abiria wa daladala. Cha sita kakipiga rangi nyeusi kwa kalamu, eti kimezidi.

Mtunzi wa Zamani

Mimi nilitunga hizi kwa jarida la shule kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niseme kwa niaba ya wanaonung'unikiwa. Wengi wetu tunahesabu kila herufi na kisanduku chake: N moja, G moja, ritifaa haihesabiwi. Hapo mzee kapotea, hata nikimpenda.

Lakini mumuonee huruma na mtunzi. Kiswahili ni kitamu kujaza, kichungu kutunga. Karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo ukingo wa kulia na mstari wa chini vinajaa A na I mpaka unachoka. Anayejaza ndiyo ahueni yake hiyo. Ukikwama kwenye kitenzi, weka A mwishoni kwa penseli, utapatia mara nyingi, ila chunga vile vya asili ya Kiarabu: jibu, samehe, fikiri. Ukipata C, inayofuata ni H, usifikirie mara mbili. Kidokezo kikiwa cha wingi, jibu ni la wingi. Niliwahi kukiuka hilo, nikaandika "Huvaliwa miguuni" huku jibu likiwa KIATU, na mwalimu mkuu akaniuliza mbele ya gwaride kama nina mguu mmoja.

Na sijafikia ya Leonard Dawe. Huyo alikuwa mwalimu mkuu Uingereza, akilitungia gazeti la Daily Telegraph. Mwezi Mei 1944 majibu yake yakatoka na maneno kama Utah, Omaha na Overlord, ambayo yalikuwa majina ya siri ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, wa Vita Kuu ya Pili, uliokuwa unakaribia. Wapelelezi wakamfuata na kumhoji. Mwambie mkweo kuna watunzi waliopata taabu kuliko kunung'unikiwa.

Nawaachia kimoja, msigombane: "Bukoba nastawi, Serengeti nakimbia, ofisini nachora (5)."

Mtoto wa Bandari

Mkuu, nimeshindwa. Nakupa mji wa Tanga.

Mtunzi wa Zamani

Sipokei mji siku ya kwanza.

Sina Majibu

Kinachoniua mimi ni majibu kutoka wiki inayofuata. Wiki inayofuata ukurasa wenyewe umeshafungia maandazi. Juzi nimeupata kwa mama ntilie, nikaunyoosha, mafuta yameingia mpaka Kulia 1 haisomeki. Nimekaa na "Mdudu wa usiku (7)" tangu Ramadhani. Hata usingizini naihesabu.

Dada Tungule

KIMULIMULI? Hapana, hiyo ni kumi. Pole.

Mkaza Mwana

Wakuu, mrejesho. Nilifanya alivyosema Mzee wa Ufutio. Usiku nikajaza U-B-A-N-I kwa penseli, hafifu kabisa, nikaenda kulala.

Asubuhi namkuta kavaa miwani. Anasoma kwa sauti, taratibu, kidole kikishuka kisanduku kwa kisanduku: "Lu-ba-ni." Kimya. "Lubani." Mimi napepeta mchele, sijainua kichwa. Akafungua kalamu. Ile L hakuifuta, angeifutaje? Kaichorea kichwa na mguu ikawa R, ila kile kimstari cha chini kimebaki, sasa ni R iliyovaa kandambili. Kisha akaniita: "Mwanangu, umeona? Nilikuwa nakupima kama utaigundua."

Nikasema, "Nimeona baba, asante." Kona nzima ikafunguka, tukamaliza kabla chai haijapoa. NG'OMBE wake nimemwachia zizi lake la visanduku vitano, sina nguvu ya vita viwili kwa wiki moja.

Mtunzi, kidokezo chako nimemsomea. Mimi jibu ninalo, nimenyamaza. Yeye anasema ni KAHAWA, na nikuambie umehesabu visanduku vibaya.